Kazi ya geti ni kuchelewesha: niliyojifunza nikilinda ubalozi ugenini

Nimefanya kazi ya ulinzi kwenye ubalozi miaka mingi, kwenye nchi ambayo sio yangu na ubalozi ambao nao sio wa kwetu, yani mgeni analinda wageni wenzake kwenye ardhi ya watu. Nikimwambia mtu kazi yangu swali la kwanza huwa hilohilo, ulikuwa unabeba silaha gani? Sikuwa nabeba silaha. Walinzi wengi wa geti la nje kwenye balozi hawana bunduki, maana silaha kwenye nchi ya watu inafuata sheria za hiyo nchi na ubalozi unatakiwa uziheshimu. Nilikuwa na redio, tochi, kile kioo cha mpini mrefu cha kuangalia chini ya gari, daftari la matukio na kitufe cha alamu, basi. Naandika haya kwa vijana wanaokwenda kufanya hii kazi nje, maana naona wengi wanaenda wakidhani wanaenda kupigana, na mlinzi mwenye wazo hilo ndo anakuwa hatari kwa wenzake.

Mkufunzi wetu, mama mmoja aliyekuwa polisi zamani, alituuliza siku ya kwanza, wakija watu mia tatu getini na mawe utafanya nini. Kila mtu akasema lake, mmoja atafunga geti, mwingine atapiga filimbi, mwingine atamdaka kiongozi wao. Akawasikiliza wote alafu akasema utawachelewesha, hakuna kingine unachoweza. Ukuta unachelewesha, geti linachelewesha, mlango wa chuma wa ndani unachelewesha, hata wewe kumuuliza mtu kitambulisho na kuandika jina lake herufi kwa herufi ni kuchelewesha. Anayezuia ni nchi mwenyeji. Hiyo ndo kazi nzima, na ukishaishika vizuri unajua kila kitu pale getini kimewekwa kwa nini, na unajua pia kitu gani kikikosekana usilale.

Kuna jambo inabidi ninyooshe hapa maana hata walinzi wenzangu walikuwa wanalisema kila siku. Watu wanasema ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine, ukivuka tu geti umeshaingia Ufaransa au Marekani. Sio kweli. Ardhi inabaki ya nchi mwenyeji na sheria zake zinafika mpaka ndani, ukiiba ndani ya ubalozi umeiba kwenye hiyo nchi. Kilichopo ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ibara ya 22. Inasema majengo ya ubalozi hayaingiliwi, maofisa wa nchi mwenyeji hawaruhusiwi kuingia mpaka mkuu wa ubalozi akubali, na palepale inasema nchi mwenyeji ina wajibu maalumu wa kuchukua kila hatua inayofaa ili ubalozi usivamiwe wala kuharibiwa, amani yake isivurugwe na heshima yake isishushwe. Yani mwenyeji anaambiwa wewe usiingie, alafu anaambiwa na mwingine yeyote usimwache aingie. Ulinzi wote wa ubalozi umesimama hapo. Na nyumba anayoishi mwanadiplomasia ina kinga hiyohiyo, ipo ibara ya 30, kwa hiyo kijana ukipangiwa lindo la nyumbani kwa ofisa usione umepelekwa mapumzikoni, pale mara nyingi upo peke yako usiku na geti ni jepesi kuliko la ofisini.

Vijana wapya huwa nawapa mfano wa Tehran, kwa sababu jengo ni lilelile na mwaka ni uleule. Tarehe 14 Februari 1979 watu wenye silaha waliuvamia ubalozi wa Marekani pale, wakawashika watu wa ndani pamoja na balozi, na siku hiyohiyo wakubwa wa serikali mpya ya Iran wakafika wakawatoa wavamizi, Ibrahim Yazdi alikuwa mmoja wao. Baada ya hapo jengo likaimarishwa, vyuma vikaongezwa. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo wanafunzi wakapanda geti, waliokuwa ndani wakajifungia wakachelewesha masaa kadhaa kama walivyofundishwa, wakapiga simu huku na huku, na safari hii hakuna aliyekuja kuwatoa. Watu 52 wakakaa mateka siku 444. Ona sasa, mwezi wa pili jengo lilikuwa dhaifu zaidi na watu wakaokolewa siku hiyohiyo, mwezi wa kumi na moja jengo lilikuwa imara zaidi na haikusaidia chochote. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu tarehe 24 Mei 1980 ilisema Iran ilikuwa inajua wajibu wake, ilikuwa na uwezo wa kuutimiza na haikuutimiza, na serikali ilipokuja kuunga mkono kile kitendo basi kikawa kitendo cha serikali yenyewe.

Wiki chache tu baada ya utekaji wa Tehran, tarehe 21 Novemba 1979, ikawa zamu ya Islamabad. Kulitoka uvumi kwamba Marekani ndo ipo nyuma ya watu walioteka Msikiti Mtakatifu wa Makka, uvumi wa uongo kabisa, na umati ukauchoma ubalozi wa Marekani moto. Zaidi ya watu 100 walijifungia kwenye chumba salama cha juu, sakafu inapata moto chini ya miguu yao, wakisubiri wanajeshi wa mwenyeji. Walisubiri masaa na masaa. Wakatoka jioni kupitia paa. Walikufa Wamarekani wawili na wafanyakazi wawili Wapakistani. Mi nikifikiria ile habari nafikiria wale wawili wa mwisho, wafanyakazi wa palepale nchini, maana sisi ndo wa aina hiyo.

Kwa hiyo kwenye zamu zangu kitu cha kwanza hakikuwa kamera. Kitu cha kwanza ni kuvuka barabara kwenda kwa polisi wa kibandani, wale askari wa nchi mwenyeji waliowekwa kulinda nje, kuwasalimia, kumjua nani yupo leo, anamaliza saa ngapi, redio yake ina chaji au haina, na nani atampokea. Utashangaa mara ngapi unakuta kibanda hakina mtu na hakuna aliyewaambia ubalozi. Hapo unaandika kwenye daftari saa na dakika, unamjulisha supavaiza, supavaiza anamjulisha ofisa usalama wa ubalozi, na yeye anapiga simu kituo kikubwa. Kibanda kitupu ni taarifa kubwa kuliko mtu anayepiga picha ukuta. Askari akiondolewa kimyakimya kabla ya maandamano hiyo ni habari ya kumwamsha balozi usingizini.

Na lugha. Nilijifunza lugha ya pale kwa hao askari, sio vizuri sana ila nilikuwa na sentensi za kazi, watu wanakuja, ni wengi, wametokea upande huu, wana nini mikononi, naomba gari sasa hivi. Wenzangu wengine walitegemea kila kitu kipitie kwa mkalimani wa ofisini anayeondoka saa kumi jioni, na mambo mengi yanatokea baada ya saa kumi. Kijana ukifika ugenini kabla hujajifunza kununua vitu sokoni jifunze kwanza kuripoti hatari kwenye simu, alafu jaribu ile namba ya polisi kweli, kwa makubaliano nao, uone inapokelewa baada ya muda gani na gari linafika baada ya muda gani. Maana ukishajua gari linafika baada ya dakika kumi na tano basi unajua geti, mlango na wewe mwenyewe mnatakiwa kuchelewesha dakika kumi na tano. Ikiwa mlango unavunjika kwa dakika tano una shida, na ni bora uijue leo.

Sasa nije kwenye magari, maana hapa ndo pana damu ya watu wetu. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipigwa mabomu asubuhi moja, ndani ya dakika chache. Nairobi lori lilienda geti la nyuma, upande wa maegesho. Mlinzi pale, mtu asiye na bunduki, aliambiwa afungue akakataa. Mvamizi mmoja akarusha guruneti la kishindo, mlinzi akawa anahangaika na redio na simu kuwaita wenzake wa ndani, na bomu likalipuka nje bila lori kufika lilikokuwa linataka kufika. Hata hivyo walikufa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao, jumba la jirani la Ufundi likaanguka lote. Dar es Salaam walikufa 11. Kule lori lilikuta gari la maji mbele yake getini, likashindwa kusogea, na lile gari la maji likabeba sehemu ya kishindo. Wengi wakisimulia wanasema ilikuwa bahati. Mi naona ni utaratibu wa gari moja kwa wakati mmoja, lingine linasubiri nje, ambao kila siku dereva analalamika kwamba unamchelewesha.

Umbali kutoka barabarani nao ndo hivyohivyo. Baada ya mashambulizi ya mabomu dhidi ya Wamarekani Beirut miaka ya 80 tume ya Inman ya Marekani ilisema mwaka 1985 balozi zijengwe mbali na barabara, ikawa mita 30 hivi, maana nguvu ya mlipuko inapungua sana kadiri unavyosogea mbali. Nairobi ubalozi ulikuwa katikati ya mji kwenye kona ya barabara kubwa na haukuwa na huo umbali, na balozi Prudence Bushnell alikuwa ameshaandika kuomba jengo lihamishwe. Mlinzi hawezi kuhamisha jengo. Ila anaweza kuhakikisha gari halipaki ukutani, hata kwa dakika mbili, hata likiwa la mtu anayefahamika, hata likiwa na taa za hatari zinawaka na dereva anasema nashusha tu mzigo.

Kitu kingine cha Nairobi ambacho nakirudia kwenye kila mazoezi ni vioo. Lile guruneti la kwanza lilitoa mlio, watu kwenye majengo ya pale wakaenda madirishani kuangalia kuna nini, alafu bomu lenyewe likaja. Wengi walipoteza macho. Sisi tulikuwa na wafanyakazi wa ofisini ambao kelele ikitokea barabarani wanajipanga dirishani na simu wanarekodi, na ilikuwa kazi yangu mimi wa geti kupiga kelele kwenye redio, tokeni kwenye vioo, kaeni chini, nendeni korido ya ndani. Wakubwa wengine hawapendi kuambiwa na mlinzi kaa chini. Nilikuwa nasema hivyohivyo, kwa heshima, kwa sauti, na sisubiri anijibu.

Ukiniuliza nani anaharibu ulinzi wa ubalozi zaidi, sio adui. Ni mwenye haraka wa ndani. Pale kwetu geti la magari lilikuwa mageti mawili, gari linaingia katikati, la nje linafungwa, tunakagua, alafu ndo la ndani linafunguka, na hayafunguki yote kwa pamoja hata dakika moja. Siku moja usiku ilikuwa hafla, mvua inanyesha, foleni ndefu nje, na ofisa mmoja mwenye cheo kikubwa akaja na gari lake na wageni wawili ambao hawapo kwenye orodha. Akashusha kioo akasema hao ni wangu, fungua yote mawili foleni iishe. Nikamwambia mheshimiwa, siwezi, naomba nimwite ofisa usalama. Akapandisha sauti. Nikasimama palepale mvuani. Ofisa usalama akaja, akachukua majina ya wale wageni, akaongea na mwandalizi wa hafla, wakakaguliwa wakaingia. Asubuhi yake balozi mwenyewe akatoa agizo la maandishi kwamba mtu yeyote, pamoja na yeye, anakaguliwa na kusubiri geti. Hilo karatasi tulilibandika kibandani na likatufanyia kazi kuliko kamera yoyote, maana mlinzi bila mkubwa nyuma yake hawezi kumkatalia mtu mwenye cheo siku nyingi mfululizo, ipo siku atachoka atafungua.

Alafu majirani. Desemba 1996 pale Lima, Peru, kulikuwa na hafla kwenye makazi ya balozi wa Japani, wageni wa heshima mamia, ulinzi umejaa upande wa mbele. Wapiganaji 14 wa kundi la waasi la MRTA walitokea nyumba ya jirani, wakatoboa ukuta wa bustani kwa mlipuko wakaingia. Ile hali ilidumu siku 126, ikaisha Aprili 1997 kwa makomandoo waliopita kwenye mahandaki. Tangu niisome hiyo habari mi sikuwahi tena kuangalia geti tu. Nyumba ya nyuma yetu ilikaa tupu muda, alafu ghafla wakaja mafundi na ngazi ndefu na mchanga, nikawa naandika, ngazi inalala wapi jioni, mafundi ni walewale au wamebadilika, wanachimba upande gani. Ofisa usalama akawaomba polisi wa mwenyeji waende kuongea na mwenye nyumba, maana sisi hatuna mamlaka hata ya hatua moja nje ya ukuta wetu. Walikuwa mafundi wa kweli. Ngazi wakaanza kuifunga ndani kila jioni, tukaishi vizuri.

Jambo gumu kuliko yote kwangu lilikuwa pale anayetaka kuingia amevaa sare. Usiku mmoja kijana aliruka ukuta upande wa bustani anakimbizwa na askari, sijui aliiba nini, na baada ya muda mfupi askari watatu wapo getini kwangu wanahema wanasema fungua, mwizi yupo ndani. Sasa hawa ni wale wanaotulinda, ninaowasalimia kila siku, na wanachosema ni kweli, nimemuona kwa macho yangu. Na bado geti halifunguki, kwa sababu ruhusa ni ya mkuu wa ubalozi na sio yangu, wala sio ya supavaiza. Nikawaambia afande nawasikia, yupo upande wa bustani, wenzangu wanamuangalia, nampigia ofisa wangu sasa hivi, subirini hapa kwenye mwanga. Mmoja akaweka mguu kwenye geti. Sikumsukuma. Sikumgusa kabisa, nilisimama mbele yake nikarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Ofisa usalama akampata balozi kwenye simu, na ruhusa ikatoka kwamba askari wawili waingie mpaka bustanini wakiongozana na sisi, wamchukue watoke. Tukaandika kila kitu, nani ameruhusu, saa ngapi, nani kaingia, nani katoka. Yule kijana alikuwa amejificha nyuma ya matangi ya maji na alitoka bila fujo.

Watu wanaweza kuona hayo ni makaratasi mengi kwa ajili ya mwizi. Ila angalia Quito. Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024 polisi wa Ecuador waliruka ukuta wakaingia kwa nguvu kwenye ubalozi wa Meksiko kumchukua Jorge Glas, aliyekuwa makamu wa rais, wakamsukuma mpaka chini ofisa wa ubalozi aliyejaribu kuwazuia. Meksiko ikavunja uhusiano usiku uleule na kesi ikaenda Mahakama ya Kimataifa. Na angalia upande wa pili, London Aprili 1984, risasi zilitoka ndani ya ofisi ya ubalozi wa Libya zikamuua askari Yvonne Fletcher aliyekuwa nje anasimamia maandamano. Waingereza walizunguka lile jengo siku 11 na hawakuingia, wakavunja uhusiano na waliokuwa ndani wakaondoka nchini. Inauma sana, familia ya yule askari ilibaki na maumivu yake. Lakini nchi yenye maofisa wake kwenye balozi dunia nzima inajua ikivunja mlango wa mwenzake milango yake yote imeshakuwa myepesi. Mi nilipokuwa nimesimama mbele ya wale askari watatu sikuwa nalinda mwizi.

Kwenye moto mambo yanabadilika kidogo na inabidi ujue upo kwenye jengo la aina gani. Kwa ofisi za konseli, yani ubalozi mdogo, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unasema ruhusa inaweza kuchukuliwa kama imeshatolewa kukiwa na moto au janga linalohitaji hatua za haraka. Kwa ubalozi hicho kipengele hakipo, zimamoto nao wanangoja mkuu wa ubalozi aseme ndio. Ndo maana hilo swali linatakiwa kujibiwa kabla, kwa maandishi, moto ukitokea usiku nani anaruhusu na asipopatikana nani anafuata. Moscow mwaka 1977 ubalozi wa Marekani uliungua, na Wamarekani waliamini kabisa kwamba kati ya waliokuja kuzima walikuwemo watu wa KGB, majasusi wa Kisovieti. Kwa hiyo zimamoto wanaingia, tena haraka, na kila kundi linaongozana na mtu wetu. Na usisahau moto ni silaha pia, Benghazi Septemba 2012 wavamizi waliwasha moto, na balozi wa Marekani nchini Libya, Christopher Stevens, na mwenzake Sean Smith walikufa kwa moshi wakiwa sehemu iliyoitwa salama. Chumba salama ambacho moshi unaingia bado hakijakamilika. Sisi tuliomba barakoa za moshi na tochi ziwekwe mle, na tukafanya mazoezi ya kutoka tukiwa tumefumba macho, tunashika ukuta.

Maandamano ndo yanakuja mara nyingi zaidi na hapa utulivu wa mlinzi unafanya kazi kubwa. Watu wana haki ya kuandamana mbele ya ubalozi, hiyo ni nchi yao. Wengi wana hasira ya kweli kuhusu jambo la kweli na hawana nia ya kuruka ukuta, wanataka kusikiwa. Tukipata taarifa mapema tulikuwa tunafunga dirisha la viza kabla ya muda, tunawatoa waombaji kwa mlango wa pembeni, tunaondoa mapipa ya taka, mawe ya bustani, vyungu vya maua, kila kitu kinachoweza kurushwa. Bendera haiguswi. Na kitu kilichosaidia kuliko vyote ni barua. Umati ukija na barua lazima kuwe na mtu wa ubalozi mwenye cheo cha kueleweka, anatoka geti dogo na polisi wa mwenyeji pembeni, anapokea kwa mikono miwili, anasoma jina la anayemkabidhi, anasema itafika. Nimeona umati unaopiga geti kwa nguvu ukitulia baada ya dakika kadhaa za hilo. Nimeona pia siku barua ilipokataliwa, wakaambiwa itumwe posta, na mawe yakaanza palepale. Heshima nayo inachelewesha.

Ila kuna umati wa aina nyingine, ule unaokuja haraka kwa sababu ya habari ya asubuhi hiyo. Kinshasa tarehe 28 Januari 2025, baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, balozi kadhaa zilishambuliwa siku moja, ya Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, hata za Kenya na Uganda. Walinzi wa balozi ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na ule ugomvi walijikuta nao wana mawe getini. Kwa hiyo mlinzi sikiliza redio ya nchi uliyopo, jua nani kakasirika na nani, na usiseme sisi haituhusu. Siku ya hivyo haubishani na mtu, unafunga mageti yote, unabonyeza kitufe, unaripoti, unarudi nyuma ya mlango unaofuata. Hakuna aibu kurudi nyuma. Mlinzi anayeng'ang'ania geti la nje peke yake wakati mlango wa pili upo wazi nyuma yake ameacha kazi yake.

Kuna jambo moja linaniuma mpaka leo na sitaki lipite. Jengo lina kinga, balozi ana kinga, mfuko wa nyaraka una kinga. Mlinzi aliyeajiriwa na kampuni hana. Mkataba unawapa kinga kidogo wafanyakazi wa huduma wa ubalozi wenyewe kwa matendo yao ya kazini, tena wasiwe raia wala wakazi wa kudumu wa pale, lakini sisi wa kampuni hatumo. Maana yake usiku ule mimi niliyewasimamisha askari watatu getini, kesho yake nikitoka kwenda kulala wangeweza kunikamata barabarani kwa kuzuia kazi ya polisi, na hakuna kifungu cha kunitetea. Ndo maana nasisitiza usimguse askari, usimtukane, usimfungie mkono kwenye geti, sema tu kwamba ruhusa haipo mikononi mwako na unaiomba, na hakikisha kamera imekuchukua ukisema hivyo.

Kwa hiyo kijana kabla hujasaini muulize mwajiri wako mambo haya bila aibu. Ukiumia kazini nani anakutibu na wapi. Ukikamatwa kwa sababu ya amri ya ubalozi nani anakuwekea wakili. Na wakubwa wakiamriwa kuondoka nchini, wewe upo kwenye orodha ya gari gani. Sisi tuliuliza hilo la mwisho kwenye kikao, kimya kikawa kirefu, ofisa usalama akafungua faili la mpango wa kuondoa watu akatafuta, walinzi tulikuwa tumeandikwa kama idadi tu chini ya ukurasa. Hakuna majina. Tukaomba majina. Yalichukua muda, yakapelekwa makao makuu yakarudi, tukauliza tena na tena, na mwisho orodha mpya ikaja, kila mlinzi na jina lake kamili, namba ya pasipoti, namba ya simu ya ndugu nyumbani na gari atakalopanda, pamoja na wale walinzi wenyeji ambao wao wangeenda wapi na familia zao, kama wangetaka kuondoka. Niliusaini ukurasa wangu mbele ya wenzangu na nakala moja ikawekwa kibandani kwenye droo ya daftari la matukio, ambapo kila anayeingia zamu anaweza kuisoma.